Sumu Isiyo na Rangi Wala Harufu: Namna Inavyopanda Kutoka Ziwani Hadi Kwenye Sahani

Mtoto aliyekaa chuoni miezi michache hujua namna ya kuyapima maji kabla ya kutawadha. Huitazama rangi yake, huionja ladha yake, huinusa harufu yake. Yakiwa mengi, kufikia kula mbili na zaidi, na isibadilike hata moja katika sifa hizo tatu kwa najisi iliyoingia, basi maji hayo ni tohara na atawadhe bila ya wasiwasi. Hukumu hiyo ni ya tahara, nayo imesimama mahali pake. Lakini tahara ya maji ni jambo moja, na afya ya kiumbe anayeishi ndani yake, kisha akavuliwa na kuliwa, ni jambo jingine.

Ziko sumu zilizotengenezwa na mikono ya wanadamu ambazo huingia ziwani au mtoni kwa kiasi kidogo mno, hata rangi isigeuke, ladha isigeuke, wala harufu isisikike. Maji hubaki meupe na ya kupendeza. Samaki huogelea, hunenepa na kuzaana. Hali hiyo yaweza kuendelea miaka ishirini bila ya mtu kushuku neno. Hatimaye sumu ile huonekana mahali ambapo hapana aliyetazamia: katika damu ya kitovu cha mtoto mchanga.

Makala haya yawahusu wote wapikao na walao samaki. Zaidi ya wote yawahusu mabinti ambao hawajaolewa bado, kwa sababu tutakayoieleza.

Ziwa kubwa na viwanda vyake

Tumechagua kuieleza habari hii kwa mfano wa Ziwa Michigan, huko Marekani, kwa kuwa ni mahali pachache duniani palipopimwa kwa muda mrefu kama pale. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 58,000, dogo kidogo kuliko Ziwa Victoria letu, lakini kina chake hufikia mita 281, zaidi ya mara tatu ya kina cha Victoria. Ni moja katika maziwa makuu matano yaliyo baina ya Marekani na Kanada, ambayo kwa pamoja yamebeba karibu thumuni moja na nusu, yaani takriban sehemu moja kwa tano, ya maji yote baridi yaliyo juu ya uso wa ardhi. Mtu angedhani kwamba bahari kama hiyo ya maji matamu haiwezi kudhuriwa na kidogo kitokacho viwandani.

Mwaka 1929 viwanda vya Marekani vilianza kutengeneza kwa biashara aina ya kemikali zinazoitwa bifenili za polikloro, kwa kifupi PCB. Zilionekana kuwa neema kubwa. Ni majimaji mazito kama mafuta, hayashiki moto kwa wepesi, hayapitishi umeme, hayaozi wala hayaharibiki kwa joto. Zikatiwa ndani ya transfoma na kapasita za umeme, katika mitambo, katika rangi, na hata katika zile karatasi za stakabadhi ambazo mtu huandika juu na maandishi yakatokea kwenye karatasi ya chini pasi na kaboni. Duniani kote zilitengenezwa zaidi ya tani milioni 1.

Viwanda vya karatasi vilivyopangana kando ya Mto Fox vilikuwa vikikusanya karatasi kuukuu za namna hiyo na kuzifanya upya, na maji machafu yake yakaenda mtoni, kisha yakaingia Green Bay, ambayo ni ghuba ya Ziwa Michigan. Katika mji wa Waukegan, upande wa kusini-magharibi wa ziwa, kiwanda cha injini za boti kilimwaga bandarini majimaji ya mitambo yake yenye PCB kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nyingine zilipaa na hewa kutoka majalalani na mijini, zikachukuliwa na upepo, zikashuka na mvua. Kaskazini kabisa, ndani ya Ziwa Superior, kipo kisiwa kiitwacho Isle Royale, hifadhi isiyo na kiwanda wala shamba, na juu ya kisiwa hicho kuna ziwa dogo liitwalo Siskiwit. Samaki wa ziwa hilo dogo nao walipopimwa walikutwa wana PCB, pamoja na dawa ya kuulia wadudu wa pamba iliyokuwa ikitumika mbali sana, kusini mwa Marekani. Hapakuwa na njia ya kufika huko isipokuwa hewani.

Tui na mafuta yake

Sasa yafaa tueleze ni vipi kitu kichache namna hii huja kuwa kingi.

Kemikali hizi hazipendani na maji. Zikiingia ziwani hutafuta kitu cha kujishikiza: tope la chini, au vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoelea majini, ambavyo wataalamu huviita planktoni. Zikishaingia ndani ya kiumbe hai hukimbilia kwenye mafuta yake, hukaa humo, na mwili hauna njia nyepesi ya kuzivunja wala kuzitoa. Chumvi ikizidi mwilini hutoka kwa mkojo na jasho, ama kemikali hizi huwa kama sarafu ndani ya kibubu: huingia, wala hazitoki mpaka kibubu kivunjwe.

Mama aliyewahi kupika mafuta ya nazi nyumbani ataifahamu sehemu iliyobaki bila ya mwalimu. Hukuna nazi nyingi, akakamua sufuria zima la tui, akalichemsha kutwa. Maji huondoka kwa mvuke, na mwisho wa kazi hupata chupa moja au mbili. Kilichokuwa kimetawanyika katika sufuria zima sasa kimekusanyika mahali padogo. Hivyo ndivyo ilivyo ziwani. Mdudu mdogo hula vijimea maelfu. Chakula alichokula hukitumia kwa kuogelea na kupumua, kikaisha. Sumu iliyokuwamo haiishi, hubaki mwilini mwake. Dagaa hula wadudu hao maelfu, na sumu ya wote ikawa yake. Samaki wa wastani hula dagaa mamia. Samaki mkubwa mwindaji huwala hao wa wastani miaka kumi, miaka kumi na mitano, na kila mwaka kibubu kinaongezwa. Kila ngazi ni sufuria lililochemshwa upya.

Wataalamu waliozipima ngazi hizo katika Ziwa Ontario, jirani wa Michigan, walipata hesabu ambayo hatukuisahau tangu tulipoisoma. Ukifanya kiasi cha PCB kilichomo majini kuwa 1, katika vijimea ni kama 250. Katika wadudu wadogo wavilao vijimea ni 500. Katika kamba wadogo wa ziwani ni 45,000. Katika samaki mdogo aitwaye smelti ni 835,000. Katika trauti, samaki mkubwa mwindaji, ni 2,800,000. Na katika shakwe, ndege alaye samaki, ni 25,000,000.

Tuichukue hesabu ya trauti tuilete mezani. Mtu akila kipande cha robo kilo cha samaki huyo, amepata PCB sawa na iliyomo katika lita 700,000 za maji ya ziwa lile lile. Kwa anayekunywa lita 2 kwa siku, maji hayo ni ya kunywa kwa zaidi ya miaka 900. Ndiyo sababu tukasema kuwa kuyatazama maji, kuyaonja na kuyanusa hakumwambii mtu lolote juu ya samaki wake.

Mafaqihi wetu wa zamani walilitambua jambo lililo karibu na hili. Walimzungumzia mnyama alaye uchafu, wanayemwita jalala, wakasema afungiwe na kulishwa chakula safi kabla ya kuliwa: kuku siku tatu, na ngamia hata siku arubaini, kwa hitilafu baina yao katika idadi. Waliona kwamba kinacholiwa na mnyama huingia katika nyama yake, na kwamba nyama hiyo husafika kwa muda. Kanuni hiyo ni ya uchafu unaooza na kuondoka. Hizi kemikali za leo hazina siku tatu wala arubaini. Samaki mwenye mzigo ukimweka katika maji safi atapunguza kidogo tu kwa muda mrefu, na mkubwa mwenye mafuta mengi ndiye mzito zaidi wa kupunguza.

Unywele wa mtoto mchanga

Kwa miaka zaidi ya thelathini zilitumika na hakuna aliyejua kwamba zimeenea. Zilifichuliwa kwa sadfa. Mtaalamu wa kemia wa Uswidi, Sören Jensen, alikuwa katika miaka ya 1960 akitafuta mabaki ya dawa ya DDT katika wanyama. Kila alipopima, pamoja na DDT kilitokea kitu kingine asichokijua. Alikiona katika samaki, akakiona katika tai aliyekutwa amekufa. Alipopima manyoya ya tai yaliyohifadhiwa tangu mwaka 1944, alikikuta humo pia. Mwaka 1966 akatangaza kuwa kitu hicho ni PCB.

Jensen hakuishia kwa ndege na samaki. Alipima nywele zake mwenyewe, akapima za mkewe, akapima za binti yao mchanga. Wote watatu walikuwa nazo. Mtoto yule hakuwa amefanya kazi kiwandani wala hakuwa ameanza kula samaki. Alichokuwa nacho alikipata kwa mama yake.

Akina mama wa Michigan

Katika miaka ile ile Ziwa Michigan lilikuwa limetiwa samaki aina ya samoni kutoka pwani ya magharibi ya Marekani, wakastawi sana. Watu wakashika mishipi. Kila mwisho wa juma familia nzima ilishuka ziwani, ikavua na kurudi na kitoweo kisichonunuliwa. Samoni na trauti ni samaki wazuri, wana mafuta, na hapana mama ambaye angekataa kumpa mwanawe mlo kama huo.

Mwaka 1980 na 1981 watafiti walianza kuwafuatilia watoto 313 waliozaliwa katika hospitali za upande wa magharibi wa jimbo la Michigan. Miongoni mwao, 242 mama zao walikuwa wamekula samaki wa ziwa lile, na 71 mama zao hawakuwa wamewala. Walioongoza kazi hiyo kwa miaka mingi ni mume na mke, Joseph na Sandra Jacobson. Ili mama ahesabiwe kuwa mlaji, ilitosha awe amekula kilo 11.8 katika miaka sita, yaani kama kilo 2 kwa mwaka. Kwa nyumba ya pwani hiyo ni mboga ya juma moja.

Damu ya kitovu ilipimwa. Watoto waliokuwa wamefikiwa zaidi na sumu hiyo walizaliwa wepesi kidogo, kwa gramu 160 hadi 190 kwa wastani, na vichwa vyao vidogo kidogo. Si tofauti ambayo mkunga angeishtukia. Walipofika umri wa miaka minne walionekana dhaifu katika kukumbuka jambo walilotoka kuambiwa. Walipofika miaka 11, watoto 212 kati yao walipimwa tena, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Wale waliobeba mzigo mkubwa zaidi tangu tumboni walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kupata alama za chini katika mtihani wa akili, na mara mbili zaidi wa kuwa nyuma kwa miaka miwili au zaidi katika kufahamu wanachokisoma. Kilichoathirika zaidi ni kumbukumbu na kutuliza mawazo.

Tuyafikirie hayo kwa utuvu. Mtoto wa namna hiyo haonekani mgonjwa. Anacheza, anakula, anakwenda chuoni na skuli. Ila mwalimu humwambia mara tatu yale anayowaambia wenziwe mara moja, na nyumbani huitwa mvivu au mkaidi. Hapana mzazi ambaye angekumbuka samaki waliokaangwa miaka kumi na miwili nyuma.

Katika utafiti huo lilidhihiri jambo moja ambalo twataka kila mama anyonyeshaye alisikie vizuri. Ingawa PCB nyingi zaidi hupita kwa maziwa kuliko zinazopita tumboni, madhara yale yalihusiana na kilichopita kabla ya kuzaliwa, hayakuhusiana na kunyonya. Ubongo wa kijusi ungali unajengwa, na hapo ndipo tofali hupotoka kwa jambo dogo. Kwa hiyo asiwepo mama atakayesoma makala haya akamwachisha mwanawe ziwa. Maziwa ya mama yamebaki kuwa bora kwa mtoto.

Mafuta ya kukaangia

Mtu aweza kusema: nikishika mimba nitaacha. Kwa bahati mbaya hapo huwa pamechelewa, na ushahidi wake ulitoka mashariki ya mbali.

Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, PCB zilivuja kutoka katika bomba la mtambo zikaingia katika mafuta ya kupikia ya pumba za mchele. Waliodhurika na kutambuliwa rasmi walizidi 1,800. Mwaka 1979 msiba kama huo ukatokea Taiwan, na kiasi cha watu 2,000 wakapatikana nao. Huko Taiwan watafiti waliwafuatilia watoto waliozaliwa na akina mama wale. Waliozaliwa mara tu baada ya msiba walikuwa nyuma ya wenzao katika kukua kwa akili. Waliozaliwa hata miaka sita baadaye, hali mama zao hawakuwa wakiyagusa tena mafuta yale, walikuwa nyuma vivyo hivyo. Mwili wa mama ulikuwa umeyaweka akiba.

Hiyo ndiyo sababu tuliyoahidi kuieleza. Anachokila binti akiwa na miaka kumi na mitano huwa bado anacho akiwa na miaka ishirini na mitano, wakati anapobeba mimba yake ya kwanza.

Na habari ya mafuta yatulazimisha kusema neno la hapa nyumbani. Imeripotiwa zaidi ya mara moja nchini kwetu kuwa wezi hufungua transfoma za umeme, wakakamua mafuta yake na kuyauza, na kwamba baadhi yake huishia katika karai za wakaangaji wa njiani. Husifiwa kwamba hayaishi upesi. Mafuta ya transfoma si chakula kwa hali yoyote, na katika transfoma za zamani yaweza kuwa na PCB zile zile za Ziwa Michigan. Moto wa karai hauziondoi. Ziliundwa makusudi zistahimili joto. Mtu akiona mafuta ya kukaangia yanauzwa kwa bei isiyofanana na soko, hayana chupa wala jina, na mwuzaji hataki kueleza yatokako, basi asinunue. Na anayeuza chakula kwa mafuta hayo huku akijua amewala wateja wake.

Maji yetu

Hatukuileta habari ya Michigan ili kumtia mtu hofu ya samaki wa Ziwa Victoria au wa mito yetu. Viwanda vyao si vyetu. Lakini njia iliyopita sumu kule ipo na huku, na imewahi kupitwa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, baada ya kujulikana kwamba baadhi ya watu walikuwa wakimwaga dawa za kuulia wadudu majini ili wavue kwa urahisi. Viwanda vya minofu vilifungwa na wavuvi wasio na hatia wakakosa riziki. Miongoni mwa dawa zinazojulikana kutumiwa vibaya hivyo ni endosalfani, ambayo mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya kemikali zinazotakiwa kukomeshwa duniani.

Tazameni pia Mto Sabaki unaomwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Huo ni Mto Athi uliobadilishwa jina mara mbili njiani: Athi, kisha Galana, kisha Sabaki. Mto Nairobi unaopita katikati ya mji mkuu huingia katika Athi. Kwa hiyo kinachotupwa mtaroni Nairobi kina njia ya kuja kwetu, nacho hupita mashamba mengi yanayopigwa dawa. Kambare wa mto kama huo hukaa chini, topeni, mahali ambapo kemikali hizi hupenda kutua.

Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm, uliokubaliwa mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2004, kwa ajili ya kuzikomesha kemikali zisizooza. Mkataba huo uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB, na mwaka 2028 kuwa mwisho wa kuziteketeza kwa njia salama. Wananchi wana haki ya kuwauliza viongozi wao transfoma za zamani ziko wapi na mafuta yake yamepelekwa wapi.

Jikoni na sokoni

Samaki ni chakula bora. Hujenga mwili wa mtoto, na mafuta yake yana faida kwa ubongo ule ule tuliouzungumzia. Asiyekula samaki kwa hofu atakosa mengi. Linalotakiwa ni kuchagua na kuandaa, na mengi yako katika uwezo wa mama mwenye nyumba.

Kwanza, wachagueni wadogo kuliko wakubwa. Dagaa, omena, na ngege, ambaye wengi sokoni humwita tilapia, wako ngazi za chini. Sangara, au mbuta kama waitavyo wenye ziwa, ni mwindaji, na yule mkubwa kabisa ameishi miaka mingi akikusanya. Wa kilo mbili ni afadhali kuliko wa kilo ishirini. Msichana na mama mjamzito wasizoee kula samaki mmoja wa namna moja kutoka mahali pamoja kila siku, wabadilishe.

Pili, ulizeni alikovuliwa. Samaki wa mtaro, wa bwawa lililo chini ya jalala, au wa mto ulio karibu na kiwanda hafai hata kama ni mnono. Na samaki waliokutwa wameelea wamekufa wasiokotwe, hata wakiwa wabichi; huenda wameuawa kwa dawa.

Tatu, kwa kuwa PCB na dawa za jamii ya DDT hukaa katika mafuta, yaondoeni mafuta. Mnapompaa samaki mnono wa ziwani, mvueni ngozi, mkate mafuta ya tumboni na ya mgongoni, na ile nyama nyeusi iliyopita ubavuni kwa urefu. Tupeni utumbo na maini. Mchomeni juu ya makaa ili mafuta yadondoke, na yaliyodondoka msiyarudishe katika mchuzi. Kazi hiyo hupunguza sana mzigo, hata kufikia nusu. Kichwa cha samaki mkubwa wa ziwani msikifanyie supu ya mzazi.

Nne, jueni kwamba zebaki haina dawa hiyo. Yenyewe hushika katika minofu, si katika mafuta, na hakuna namna ya kuikata wala kuichoma ikatoka. Dhidi yake hapana ila kumchagua samaki mdogo na kumwacha mwindaji mkubwa.

Tano, walio na mashamba na bustani wasioshe bomba za dawa mtoni wala kisimani, na madebe ya dawa yasitekewe maji wala kuwekewa unga.

Je, kujihadhari huku kuna matunda? Upo ushahidi kwamba kuna. Mwaka 1972 Marekani na Kanada zilitia saini mapatano ya kuyasafisha maziwa yao. Mwaka 1976 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzikomesha PCB, na mwaka uliofuata kampuni ya Monsanto, iliyokuwa mtengenezaji wake pekee katika nchi hiyo, ikaacha kuzitengeneza. Katikati ya miaka ya 1970 trauti wa Ziwa Michigan alikuwa na zaidi ya sehemu 20 katika milioni, ilhali kiwango kilichoruhusiwa na serikali wakati huo kilikuwa 5. Ilipofika mwaka 1990 hakikufika hata robo ya kile cha kwanza. Baadaye kupungua kukawa kwa polepole, na hadi leo watu wa huko hutangaziwa ni samaki gani na mara ngapi kwa mwezi yafaa kuliwa, na wanawake walio katika umri wa kuzaa hupewa kiwango cha chini zaidi. Kilichomwagwa kwa miaka arubaini hakijamalizika kutoka, lakini kimepungua kwa kuwa mmiminaji alizuiwa.

Huko walianza kuhesabu baada ya watoto kuzaliwa. Sisi tumepata habari mapema, na ingefaa iwafikie wanaopika. Binti zetu wafundishwe haya tangu wanapoanza kushika kisu cha kupaa samaki: wapi pa kukata, nini cha kutupa, na swali gani la kumwuliza mwuzaji kabla ya kufungua mkoba.